Mgonjwa Hafukuzwi Mlangoni

  

Leo ukurasa wetu wa afya utazungumza jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kunong'ona. Ni habari ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Tafadhali usilifunge gazeti. Kama mnasoma darasani, someni kwa zamu, kisha jadilini maswali yaliyo mwisho. Jambo hili linahusu afya yako na afya ya watoto wako, hata kama unaishi mbali na mji.

Mimi ni mganga msaidizi. Nilisoma, nikapata cheti, nikapangiwa zahanati. Sasa nipo Kizota, pembeni mwa mji wa Dodoma, njia ya kwenda Singida. Hapa yapo maghala makubwa ya akiba ya chakula ya taifa. Wakati wa mavuno malori ya mahindi na mtama hupanga foleni. Dereva na utingo wake huweza kusubiri siku nzima, au zaidi, kabla ya kushusha mzigo. Wanakula hapa, wanakunywa hapa, wanalala hapa. Penye watu wa safari wenye fedha mfukoni, na wanawake wasio na fedha, biashara hii huwapo. Ndivyo ilivyo Kizota, na ndivyo ilivyo katika vituo vingine vya malori nchini.

KOSA LANGU

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Halikutokea hapa Kizota. Lilitokea katika zahanati niliyoanzia kazi, na mahali hapo sitapataja. Dada ninayemzungumzia ameniruhusu niandike habari zake, mradi nisimtaje jina.

Ilikuwa asubuhi, siku ya kliniki ya wajawazito. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi. Akaja dada mmoja wa umri kama wangu. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Nilimwuliza, "Mume wako yuko wapi?" Akasema hana. Nikamwuliza, "Unafanya kazi gani?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Dokta, najiuza."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokosea. Niliinua sauti. Nilimwambia hiyo si kazi, ni uchafu, na kwamba atatuletea maradhi. Mlango ulikuwa wazi. Akina mama wote walisikia. Wengine walicheka, na mmoja akasogeza khanga yake ili isiguswe. Yule dada alichukua kadi yake akaondoka. Sikumpima damu, wala hakuna aliyemfuata. Mimi nikaona nimemfundisha adabu.

Baada ya miezi minne hivi aliletwa usiku kwa baiskeli, akiwa na uchungu. Alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni siku kadhaa zilizopita. Tulipompima mama damu, tulikuta kaswende.

KASWENDE NI NINI?

Kaswende ni ugonjwa unaoambukizwa kwa kujamiiana. Huanza kwa kidonda kisichouma. Kidonda hicho hupona chenyewe, na mtu hudhani amepona. Lakini vijidudu hubaki katika damu. Mama mwenye kaswende huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa akiwa mgonjwa.

Sasa sikiliza vizuri. Kaswende hupimwa kwa tone la damu. Majibu hupatikana siku hiyohiyo. Dawa yake ni sindano ya penisilini, na dawa hiyo humfikia mtoto tumboni. Mama akitibiwa mapema, mara nyingi mtoto huzaliwa salama. Ugonjwa ukiwa mpya, sindano ya dozi moja hutosha. Ukiwa wa siku nyingi, hurudiwa kila wiki kwa majuma matatu.

Kwa hiyo yule mtoto alikosa kitu gani? Dawa ilikuwamo kabatini, na kipimo kilikuwa mezani. Mama yake alikuja mwenyewe kwa miguu yake, tena mapema. Kilichomkosesha dawa ni mdomo wangu.

MAFUNZO YA BIBI MAENDELEO

Nilipohamia Kizota nilikutana na mama mmoja, afisa maendeleo ya jamii. Wazee bado humwita Bibi Maendeleo. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikamweleza habari ile, kwa sababu ilikuwa inaninyima usingizi. Hakunilaumu. Alisema, "Mwanangu, kesho jioni usivae koti jeupe. Twende wote."

Tulikwenda nyuma ya nyumba moja ya wageni. Palikuwa na wanawake saba wameketi kwenye mkeka, wengine wanasuka nywele. Nilidhani Bibi Maendeleo atatoa hotuba. Hakutoa. Aliketi mkekani, akauliza swali moja tu: "Nini kinawasumbua?" Kisha akanyamaza, akasikiliza karibu saa nzima.

Nilitegemea wataje maradhi kwanza. Hawakutaja. Walitaja mambo haya:

Kwanza, kupigwa. Mteja hupiga, hukataa kulipa, au huvua kondomu kwa nguvu.

Pili, kukosa pa kushitaki. Wakienda kulalamika huogopa kwamba watakamatwa wao. Wengine huombwa fedha, au huombwa mwili, ili waachiwe.

Tatu, watoto. Watoto wao hutukanwa shuleni kwa ajili ya kazi ya mama.

Nne, fedha. Hawana mahali salama pa kuweka akiba. Mwenye chumba huwatoza kodi kubwa kuliko wapangaji wengine, kwa kuwa anajua hawawezi kulalamika.

Tano, zahanati. Hapo waliniangalia mimi. Walisema afadhali kununua vidonge dukani kuliko kuja kutukanwa.

Tulipokuwa tunarudi Bibi Maendeleo aliniambia, "Umeona? Wewe ulitaka kuanza na kondomu. Wao wanaanza na uhai wao. Kazi yetu ni kuwasaidia wasimame, wazungumze wenyewe. Tukiwasemea kila siku, watabaki wamekaa."

Nimelishika neno hilo.

JE, SHERIA INASEMAJE?

Wako watu watakaouliza: "Mganga, unataka kuhalalisha umalaya?" Swali hili ni la haki, nami nitalijibu.

Sheria ya Tanzania hairuhusu biashara hii. Kanuni ya Adhabu humwadhibu mtu anayejitangaza barabarani kwa ajili hiyo, na pia mtu anayeishi kwa mapato ya mwenzake anayejiuza. Mimi si mbunge wala hakimu. Sheria hubadilishwa Bungeni. Siyo kazi ya mganga kuibadili katika chumba cha matibabu.

Lakini jambo moja ni wazi. Mtu akifanya jambo lililokatazwa na sheria, hapotezi haki zake zote. Hata mwizi akivunjika mguu hufungwa plasta. Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba watu wote ni sawa, na kila mtu anastahili heshima na kulindiwa uhai wake. Haikuweka orodha ya watu wa kuachwa nje.

Haya ndiyo mambo ya kukumbuka:

1. Kubaka ni kubaka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inawalinda wanawake. Adhabu yake kwa kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mwanamke akikubali jana hajakubali leo. Akikubali kwa mtu mmoja hajakubali kwa wawili. Kulipa fedha si ruhusa ya kupiga.

2. Aliyebakwa awahi kituo cha afya, kabla ya saa 72 kwisha, yaani siku tatu. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visienee mwilini. Humezwa kwa siku 28. Zipo pia dawa za kuzuia mimba. Fomu ya polisi namba 3 ni muhimu kwa ushahidi, lakini isiwe sababu ya kumchelewesha mtu dawa. Katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mashitaka ya namna hii.

3. Siri ya mgonjwa ni mali yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamkataza mtumishi wa afya kutangaza majibu ya mtu. Inakataza pia kumbagua mtu kwa sababu ana virusi.

4. Mtoto hafanyi biashara. Binti aliye chini ya miaka 18 akiuzwa au kununuliwa, anaumizwa. Huyo si wa kufundishwa kondomu tu na kuachwa pale. Ni wa kuokolewa, na mkubwa aliyemtumia ni wa kushitakiwa. Ukiona jambo hili mweleze mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, au piga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto.

WENZETU WALIFANYAJE?

Tusidhani jambo hili limeanza kwetu. Tuone wenzetu.

Katika mji wa Nairobi, Kenya, upo mtaa uitwao Majengo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Tanzania, katika mkoa wa Kagera, mwaka 1983. Muda mfupi baadaye madaktari wa Nairobi walipima damu ya wanawake waliojiuza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Kati ya wanawake maskini waliopimwa, karibu wawili katika kila watatu walikuwa na virusi.  Muuguzi mmoja, Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, hakuwakimbia. Aliwaita barazani. Wanawake wakachagua viongozi wao, wakafundishana, wakagawa kondomu. Mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha kwamba mafunzo hayo yaliongeza matumizi ya kondomu, na waliozitumia waliambukizwa kwa uchache zaidi. Profesa Ngugi alifariki mwaka 2015. Alianza kama muuguzi aliyekubali kuketi na watu waliokuwa wakikimbiwa.

Hapa nchini, miaka ya mwanzo ya 1990, shirika la AMREF liliwafundisha madereva na wanawake wa vituo vya malori kuwa waelimishaji wa wenzao. Matumizi ya kondomu yaliongezeka sana. Watu walimsikiliza mwenzao wa baa kuliko mgeni mwenye gari.

Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, ulifanyika uchunguzi mkubwa katika vijiji. Zahanati na vituo vya afya viliongezewa dawa. Watumishi wake, watu wa cheti kama mimi, walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa. Katika vijiji hivyo maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu 40 katika kila 100, yakilinganishwa na vijiji vingine. Fikiri! Zahanati ndogo ya kijijini ilizuia UKIMWI kwa kutibu kisonono na kaswende. Lakini zahanati humtibu yule tu anayethubutu kuingia.

Mbali zaidi, katika mji wa Kolkata, India, daktari aitwaye Smarajit Jana alianza kazi katika mtaa wa Sonagachi mwaka 1992. Aliajiri wanawake wa mtaa huo kuwa walimu wa afya. Wanawake wakaunda umoja wao. Mwaka 1995 wakaanzisha chama cha ushirika cha kuweka na kukopa, ili wasinyonywe na wakopeshaji wa riba. Mwanamke mwenye akiba huweza kumkataa mteja asiyetaka kondomu. Mwenye njaa hawezi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, akiba nayo ni dawa.

HAYA YANANIHUSU NINI MIMI?

Huenda unasema, "Mimi nalima uwele wangu, sina habari na wanawake wa baa."

Waulize wazee habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo. Walifundishwa kwamba nyumba moja isipokuwa na choo, nzi wake hutembelea chakula cha nyumba zote. Choo cha jirani ni afya yako.

Magonjwa ya zinaa ni vivyo hivyo. Dereva hulala Kizota leo, kesho yuko kwa mkewe. Mkulima huleta mtama mjini, hupata fedha, hunywa, hulala, kisha hurudi kijijini. Yule mama anayemngoja nyumbani hajawahi kuiona Kizota, lakini kisonono kinamfikia. Mtoto wake huweza kuzaliwa na macho yenye usaha, akapofuka asipotibiwa. Ukimfukuza mwanamke wa Kizota zahanati, umeufungulia ugonjwa njia mpaka mlangoni kwako.

Tena, wanawake hawa wametoka wapi? Hawakuota kama uyoga. Niliowasikiliza wametoka vijijini kwetu. Mmoja alifukuzwa na mumewe, akanyang'anywa shamba na ng'ombe. Mmoja alifiwa, shemeji wakachukua nyumba. Mmoja alikuja kutafuta kazi ya ndani mwaka wa ukame, mwajiri hakumlipa. Mmoja ni mhudumu wa baa, na mshahara wake hautoshi kodi ya chumba. Mjini tunawaita changudoa. Changudoa ni samaki wa baharini. Hawa ni binti zetu. Wana majina waliyopewa na bibi zao.

TUFANYE NINI?

Wewe mzazi: binti akirudi kutoka mjini, mpokee. Usimwulize kwanza aliishi vipi. Mpe uji, kisha mpeleke akapimwe.

Wewe mwanamume: tumia kondomu kila mara, na usiivue. Ukiona maumivu wakati wa kukojoa, usaha au kidonda, nenda zahanati pamoja na mwenzako. Mkitibiwa mmoja mmoja mtarudishiana ugonjwa. Na usimpige mwanamke. Anayejisifu kwamba alimpiga malaya anajisifu kwa kosa la jinai.

Wewe mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji: mwanamke akija na damu usoni, andika alichofanyiwa. Usianze na kazi anayofanya.

Wewe afisa maendeleo: anza kwa kusikiliza. Wasaidie waunde kikundi cha kuweka na kukopa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wanawake hawa nao ni wanawake. Anayetaka kuiacha kazi hii asaidiwe kupata nyingine. Ambaye hajaiacha asaidiwe abaki hai.

Wewe mtumishi wa afya, ndugu yangu wa kazi: funga mlango. Punguza sauti. Pima, tibu, mpe kondomu, mweleze juu ya dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI na za kufubaza virusi. Anayetumia dawa za kufubaza vizuri, na virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Usimlazimishe mtu kupima. Mahubiri tuwaachie wenye kazi hiyo.

MWISHO WA HABARI YANGU

Nilimtafuta yule dada kwa muda mrefu. Nilimpata. Nilimwomba radhi mbele ya Bibi Maendeleo. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Alikwisha kutibiwa akapona. Siku hizi yumo katika kikundi cha akiba, na huwaelimisha wenzake. Ana daftari lake. Alijifunza kusoma ukubwani, kama wengi wenu, ili asidhulumiwe hesabu.

Mwezi uliopita alimleta binti mmoja mjamzito. Walisimama mlangoni. Binti alikuwa anatetemeka. Nilianza kuuliza maswali yangu, na bila kujua sauti ikaanza kupanda kama ya zamani. Yule dada aliniangalia akasema, "Dokta, punguza sauti."

Nilifunga mlango, nikapunguza sauti. Tukampima binti damu. Alikuwa na kaswende. Akapata sindano siku ileile.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kaswende humdhuru vipi mtoto aliye tumboni? Hutibiwa kwa dawa gani?

2. Kwa nini dada yule hakurudi zahanati? Nani alikosea?

3. Aliyebakwa awahi kituo cha afya kabla ya saa ngapi?

4. Katika kijiji chenu, mwanamke aliyefukuzwa na mumewe hupata shamba wapi? Kama hapati, mfanye nini?